Nchi ya Wabeba Milango

Njia ya kwenda Vizingiti siisimulii. Aliyewahi kutafuta pa kulala anaijua, na ambaye hajawahi, Mungu amuepushe nayo. Nitaanzia pale nilipofika, maana ndiko kwenye mambo.

Nilikwenda kwa ajili ya mjukuu wangu Nakijwa. Mimba yake ilikuwa imekomaa, mama yake ni marehemu, na kwetu binti hamzai mtoto wa kwanza bila mwanamke mkubwa wa ukoo kuwa pembeni yake. Nikafunga mbeleko aliyobebewa mama yake, unga wa ndizi wa kumpikia uji, na mafuta ya kumkanda. Nikashusha gunia kwenye mwingilio wa nyumba yangu, kwa kuwa hilo ndilo mlango wangu tangu ubao ulipoliwa na mchwa, nikaondoka.

Jambo la kwanza nililoliona Vizingiti ni milango inayotembea. Nikadhani ni maseremala wanakwenda mnadani. Huyu kautwika mlango kichwani, yule kauegemeza begani, mama mwingine kaufunga mgongoni kwa kanga. Ilikuwa milango mizuri, ya mbao ngumu, yenye vitasa na bawaba. Nyumba za hiyo milango ndizo sikuziona.

Nakijwa nilimkuta kando ya soko, kasimama, mkono kiunoni. Mumewe, Kiangi, alikuwa naye, mlango kichwani, shingo imepinda upande.

"Shikamoo bibi," akasema Nakijwa, na kabla sijaitikia akageuka kutazama nyuma. "Tutembee huku tunaongea."

"Marahaba. Kaa kwanza, mama, miguu imekuvimba."

"Hapa tulikaa jana, bibi. Twende."

Kiangi akanicheka, kama ilivyo ada ya mkwe na bibi. "Mke wangu mkubwa umefika. Usiwe na wasiwasi, nyumba tunayo. Mlango wake huu hapa."

"Na nyumba yenyewe, mume wangu?"

"Inakuja nyuma."

Nikatembea nao. Siku hiyo yote tulitembea, na katika kutembea nikaelezwa sheria za nchi ile.

Nyumba za Vizingiti ni za serikali, na hupewa bure yule mwenye shida kuliko wote. Nikasema hiyo ni sheria nzuri, na mpaka leo nasema ni nzuri. Mtu akienda kuomba, siku hiyohiyo anapewa mlango, asije akarudi mikono mitupu. Wakubwa wa kule wanajivunia sana jambo hili. Husema hakuna mwombaji asiye na mlango, na kwamba mlango ni sehemu ngumu kuliko zote za nyumba, kwa hiyo kazi kubwa imekwisha. Baada ya hapo unasubiri.

Ila katika kusubiri usitulie mahali. Wanasema mtu aliyepata mahali pa kutulia anaomba nini tena? Basi kila alfajiri hupita watu wanaoitwa Wapapasaji, kanzu zao safi, mikono wameinawa. Wakikukuta ulipolala wanainama, wanaweka kiganja chini. Pakiwa na joto, na wakakumbuka kuwa jana pia walikukuta hapo, wanasimama, wanakupa mkono wanasema, "Hongera." Kisha wanachukua mlango wako. Umeshapata makazi, foleni si yako tena. Sijawahi kuona nchi nyingine ambako watu hulia wakiambiwa hongera.

Kwa hiyo mji ule haulali ukalala. Giza kabla halijaisha kila mtu yuko juu, anahama. Niliona mwanamume mzima, ana mvi, kavua shati anaipepea ardhi ipoe. Niliona akina mama wanamwaga maji pale walipolala watoto, na watoto wenyewe wanasimama kando wanasinzia kama kuku. Mimi ni mtu wa subira, lakini siku za mwanzo kule hata uji nilikuwa nakunywa huku nimeinua kisigino kimoja.

Ajabu ni kwamba nyumba zipo. Ziko mlimani, safu kwa safu, zimepakwa chokaa, na mtu yeyote aliye bondeni anaziona. Kuna waajiriwa wa kufagia nyua zake kila asubuhi, wengine wa kufungua madirisha zipate hewa na kuyafunga jioni. Ndani hakuna mtu.

Nilimuuliza Bi Sikudhani. Huyu alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye mlango wa kijani. Foleni alikuwa ameiingia akiwa kigori, sasa hana meno ya mbele. Mlango wake alikuwa ameshautibu mchwa na kuupaka rangi mara nyingi hata ukazidi unene.

"Mbona zile nyumba hazina watu?" nikasema.

"Zinamsubiri mwenye shida kuliko wote."

"Hajapatikana?"

"Anapatikana sana. Lakini akipatikana, kabla hajaupanda mlima, anatokea mwingine mwenye shida kumzidi. Basi wanakadiria upya. Na hata asipotokea, yule aliyechaguliwa anafurahi." Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Ukifurahi, una shida gani tena?"

"Hakuna aliyewahi kuingia?"

"Kuna mzee mmoja alikaribia. Akaukunja uso vizuri, toka chini mpaka kwenye kizingiti. Sasa alipougusa ukuta wa baridi, akapumua. Hivi tu: haaa. Mkadiria akasema huyu ametulia. Wakamteremsha."

"Masikini."

"Masikini nini, akarudi kwenye foleni akasukuma watu."

Baraza lao nalo nililiona. Siku moja zamu yetu ya kupumzika iliangukia chini ya dirisha lake lililo wazi, na sauti zao ni kubwa. Upande mmoja ulisema uhaba si wa nyumba, ni wa watu wanaostahili, na ushauri wao ni watu wafundishwe kuwa na shida za kweli. Upande wa pili ukasema la, tatizo ni uzito wa milango, wananchi wapewe ya mbao laini. Wakavutana mpaka jua likapanda. Kisha akasimama mjumbe mmoja kijana, akauliza kwa nini nyumba za mlimani hazina milango. Akajibiwa kwamba milango yake ndiyo hii waliyopewa waombaji. Akauliza sasa kwa nini waombaji wasipande nayo wakaifunge. Baraza zima likacheka, hata pande mbili zilizokuwa zikigombana zikashikana mabega. Akaelezwa kwa upole kwamba nyumba isiyo na mlango haiwezi kupewa mtu, ni hatari. Kijana akakaa. Nadhani alidhani hajaelewa.

Nakijwa hakucheka wala hakusikiliza. Alikuwa anatazama kule mlimani, kwenye nyumba ya mwisho, yenye dirisha linaloelekea mashariki.

"Ile ningeweka kitanda upande wa dirisha," akaniambia. "Mtoto apate jua la asubuhi. Bibi, sitaki azaliwe huku nje. Anayezaliwa kwenye foleni anapewa mlango wake mdogo, naye anaanza mwisho kabisa."

Nikamwambia Mungu ni mwema.

Siku ya kukadiriwa ikaitwa. Nakijwa alikuwa na nafasi nzuri: yatima, mjamzito, na mumewe shingo hairudi. Kiangi akawa anamfundisha uso njia nzima. "Ukiambiwa umeshinda, fikiria mchwa. Au mfikirie shangazi yangu."

"Shangazi yako ananichekesha."

"Basi baki na mchwa."

Tulipokaribia kiwanja cha kukadiriwa, Bi Sikudhani akanivuta kanga. "Wewe mama, unakwenda wapi?"

"Nakwenda na mjukuu wangu."

"Sema polepole. Huku bibi ni nusu paa. Mama ni ukuta, shangazi ni dirisha, bibi ni nusu paa, imo katika sheria. Binti mwenye bibi mzima wa afya, tena kaja na mafuta ya kukanda? Huyo anakaribia kuwa na nyumba. Watampa hongera yake hapo hapo."

"Sasa wenye mama zao wanafanyaje?"

Akanionyesha sokoni kwa kidevu. Kulikuwa na vikongwe wamesimama mbele ya mafungu ya nyanya, wanazigeuza na kuzirudisha, na pembeni ya kila mmoja kuna mtu wa makamo naye anageuza nyanya. "Unadhani wananunua?" akasema. "Wanasalimiana na watoto wao. Hawatazamani, lakini wanaongea. Muuza nyanya ameshazoea."

Nikamwangalia Nakijwa. Alikuwa amesikia. Nikarudi nyuma hatua chache, nikasimama kama mtu anayesubiri mzigo wake.

Mkadiria Shida alikuwa ameketi kwenye kiti. Katika nchi ile nzima hicho ndicho kiti pekee nilichokiona. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye sauti ya mtu anayeugua jino, na nyuma ya kiti chake kulikuwa kumeegemezwa mlango. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba naye ni mwombaji.

"Mama unaye?"

"Marehemu."

"Pole. Shangazi?"

"Sina."

"Na yule bibi aliyeshika mbeleko?"

Nakijwa akageuka, akanitazama usoni. Jicho lake la kushoto huegemea pua kidogo akichoka, tangu akiwa mtoto, na wakati ule lilikuwa limeegemea.

"Simjui," akasema. "Mpita njia."

Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni. Angeniomba ushauri ningemwambia aseme hivyohivyo. Hata hivyo neno liliingia likakaa mahali, na sitasema halikuuma.

Mkadiria akatangaza kwamba Nakijwa ndiye mwenye shida kuliko wote. Wa pili akatajwa Bi Sikudhani. Nakijwa akaukunja uso vizuri sana, hata mimi niliyemlea nikaamini. Akaambiwa atapanda mlimani kesho yake, ikiwa mpaka hapo hali yake haitakuwa nafuu.

Wakaondoka kiwanjani wamenuna, yeye na mumewe, na Wapapasaji wakiwafuata kuhakikisha. Mimi nikafuata nyuma ya Wapapasaji. Alasiri hiyo, katikati ya uwanda usio na mti wala kichaka, uchungu ukamshika.

Alichuchumaa. Kiangi akafungua mdomo kuniita, akaufunga. Akaanza kuzunguka na mlango kichwani, anakwenda huku anarudi, hajui autue au asiutue. Nakijwa akauma pembe ya kanga. Mimi nimesimama pale, mafuta mkononi, ni mpita njia. Uchungu wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Nikawa nahesabu pumzi zake kwa macho na miguu yangu haitulii, naikanyaga ardhi kama mtu mwenye siafu.

Kisha akasema, "Bibi."

Hakupiga kelele. Alisema tu, kama mtu anayeomba maji. Lakini uwanda ule ni mtupu na kila mtu akasikia. Nikaenda.

Watu wakaanza kukusanyika, wanaume kwa wanawake, kama kwenye ngoma. Ndipo akaja Bi Sikudhani, akautua mlango wake wa kijani, akausimamisha wima ubavuni mwa Nakijwa.

"Tokeni hapa," akawaambia wanaume. "Mwanamke si mbuzi, hazai mnadani." Akawageukia wanawake. "Na ninyi mnatazama nini? Leteni milango."

"Tukiitua tutaonekana tumetulia," mmoja akasema.

"Basi tetemekeni huku mmeishika. Leteni."

Wakaleta. Mlango ukaegemea mlango, mpaka tukawa ndani ya duara, na kelele za nje zikapungua. Bi Sikudhani akapiga magoti upande wa pili wa mjukuu wangu, akanishikia taa ya mafuta wakati jua linatua.

"Mimi nilikuwa wa pili," akaninong'oneza. "Huyu kaharibu kwa kukuita, sasa mimi wa kwanza. Na mlango wangu nimeshauegemeza hapa. Akili yangu hii, mama, wangeikadiria ningepata nyumba zamani."

Mtoto akatoka akiwa mzima, wa kike, mwenye hasira. Nikamfuta, nikamfunga mbeleko ya bibi yake. Tukapumzika hapo. Alfajiri ikatukuta hapohapo, na hakuna aliyekumbuka kuhama.

Wapapasaji walifika wengi, na Mkadiria mwenyewe akaja nao. Wakazunguka duara la milango mara kadhaa. Ubishi wao niliusikia wote.

"Hii ni nyumba."

"Si nyumba, hakuna aliyeitoa."

"Ina milango."

"Ina milango tu. Paa liko wapi?"

"Ndani kuna bibi. Bibi ni nusu paa."

"Nusu. Na nusu nyingine?"

Wakachungulia. Kichwa kimoja kikamwona Bi Sikudhani, anatafuna kipande cha ndizi kwa fizi. "Kuna bibi wa pili," kikasema.

Hapo ubishi ukaisha, maana hesabu ilikuwa imetimia. Mmoja akaingia, akainama, akaweka kiganja chini karibu na mguu wa Nakijwa. Akakiacha hapo muda mrefu kuliko kawaida yao.

"Pa moto," akasema.

Nje wanawake waliotoa milango wakaanza kunung'unika. Mmoja akatema mate. Mwingine akasema nilijua, nilijua. Mkadiria akainua mkono wanyamaze, akaingia, akamwinamia mjukuu wangu. Narudia, hakuwa mtu mbaya.

"Binti," akasema, "mtu mwenye uchungu humwita yeyote. Hilo linaeleweka, tunaweza kuliacha. Hii milango tunaweza kusema iliangukiana kwa upepo. Nitakuuliza mara moja tu, na wenzako hawa wote wanasikiliza. Huyu mama unamjua?"

Nakijwa akatazama nje kupitia upenyo kati ya mlango na mlango. Kule mlimani waajiriwa walikuwa wanafungua madirisha, na lile la mashariki lilikuwa limeshika jua. Aliliangalia mpaka nikaona kama hatajibu. Mimi nikainama, nikaanza kukaza mbeleko ambayo haikuwa imelegea. Nilitaka kumrahisishia.

"Namjua," akasema. "Ni mzaa mama yangu. Na mtoto nimempa jina lake."

Mkadiria akanyooka, akampa mkono.

"Hongera," akasema.

Milango ikachukuliwa. Kiangi alitembea na wake mpaka walipoufikisha kwenye mkokoteni, anawaonyesha kitasa kinavyofunguka, wasije wakakivunja. Wanawake wakatawanyika, wengine bila kutuaga, na siwalaumu. Bi Sikudhani tu ndiye hakwenda popote. Alikaa chini, akanyoosha miguu mbele, akaegemea mikono yake. Nikagundua kwamba tangu nimfahamu sikuwa nimemwona amekaa hivyo.

"Kumbe chini hapa kuna raha," akasema.

Nikamwambia, "Twende kwangu, dada. Nyumba ni ndogo na mlango ni gunia, lakini hakuna anayepapasa."

Akafikiri kwa kweli, niliona anafikiri. Kisha akajifuta vumbi akasimama. "Mimi naomba upya leo. Milango mipya wanatoa siku hiyohiyo, nasikia ya sasa ni ya mbao laini." Akamchungulia mtoto ndani ya mbeleko. "Mwambie asifurahi ovyo," akasema, akaenda zake.

Sasa tuko kwangu. Kiangi shingo bado inalala upande, na kila akipita mwingilioni anainama pasipo na sababu, kama aliyetwika kitu. Anataka kutengeneza mlango wa mbao mahali pa gunia. Namwambia asubiri.

Nakijwa ndiye aliyenitia wasiwasi. Kila alfajiri nilimsikia anaamka kabla ya jogoo. Anamwinua mtoto, anavuta mkeka kutoka ukutani mpaka karibu na mafiga, kesho yake kutoka kwenye mafiga mpaka mwingilioni. Kisha anachukua kipande cha kanga, anapepea sakafu pale alipokuwa amelala. Sikumkataza. Mtu aliyefundishwa kuhama haambiwi tulia kwa mdomo. Nilikuwa nalala nimefumba macho, nasikia ile kanga, pepe, pepe, na moyo wangu nao unahama naye.

Jana jogoo aliwika sikusikia mkeka. Akawika tena. Jua likaingia kupitia matundu ya gunia, mtoto akaanza kulia, nikainuka nione kuna nini. Nakijwa alikuwa amelala ukutani, palepale pa juzi, mdomo wazi.

Nikainama, nikapenyeza kiganja chini ya ukingo wa mkeka. Pa moto. Ile hongera ya kule ikanijia mdomoni, nikaimeza. Nikamchukua mtoto, nikaliweka gunia sawa mwanga usimpige mama yake machoni, nikatoka kwenda kuinjika uji.